Rasimu ya Tatu

Kwa dereva wa treni ya saa nane usiku,
tambukareli ya Pasua, Moshi.

Rasimu ya kwanza niliichana. Ilijaa matusi
ya jirani yangu Mangowi, fundi magodoro,
mtu anayeshona usingizi wa wenzake mchana kutwa
na wa kwake unakatwa kama uzi.

Ya pili ilikuwa ya kitaalamu mno.
Kijana wa chuo aliipima honi yako kwa simu,
akaandika desibeli mia na kumi,
mwenyekiti akauliza, "Hizo ni debe ngapi?"
Tukacheka, tukasahau kilichotukutanisha.

Hii ni ya tatu. Naiandika kwa mkono,
umeme umekatika, tochi nimeibana kidevuni.

Tukiri kwanza: reli ilitangulia, sisi tukafuata.
Ilipolala miaka ile yote tuliihesabu maiti,
na mali ya maiti hugawanywa.
Tukaanika kanzu za kipaimara juu ya chuma,
tukapanda mahindi katikati ya mataruma,
mbuzi tukawafunga kwenye nguzo ya ishara.
Wanetu walijifunza kuhesabu kwa kuruka taruma moja moja,
na hakuna aliyefika mwisho wa hesabu.
Nyumba zikasogea, kama watu wanaoota moto.
Kisha siku moja akaja mtu na kopo la rangi nyekundu,
akatuchora X ukutani,
na nyuma yake ukaja wewe.

Hatusemi usije.
Mjomba wangu sasa anatoka Korogwe na gunia la machungwa
na anashuka hana hata jasho.

Ni honi tu.
Inapanda hadi kwenye migomba ya Kibosho,
inarudi tena kwetu, kana kwamba imesahau kitu.
Aikande amejifungua pacha:
akimlaza mmoja, wewe unamwamsha wa pili,
mtori unaganda ngozi kwenye bakuli.
Mbwa wamekujua. Wanaanza kubweka dakika mbili kabla yako,
kwa hiyo siku hizi tunaamshwa mara mbili.

Ombi letu ni hili:
kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri
upite bila honi. Tuwekewe geti,
na taa, na mlinzi mwenye koti la mvua.
Sahihi arobaini na moja zimeambatanishwa,
tatu kati yake za dole gumba.

Zilitakiwa ziwe arobaini na mbili.
Nakijwa aliisoma barua hadi mwisho,
akanirudishia kalamu ikiwa na kifuniko chake.
Mumewe Sifaeli alikuwa akipalilia mahindi yale ya relini
asubuhi kilipopita kiberenge cha majaribio.
Hakikupiga honi. Nani humpigia maiti honi?
"Kimya mnachokiomba," alisema, "mimi ninacho nyumbani.
Nakipakulia kila jioni.
Hakili."

Basi, dereva, nimekaa na kalamu juu ya neno *bila*.

Huku kwetu hata mdai hupiga hodi.
Hodi haivunji mlango. Husemwa mara tatu,
kwa sauti ya mtu aliyesikia kwamba ndani kuna mgonjwa,
na asipoitikiwa huondoka zake.
Najua wewe huwezi kuondoka, wala kusubiri karibu;
una mabehewa ishirini mgongoni.
Lakini ukifika pale kwenye mjohoro uliopinda
sema hodi, fupi, ya chini,
imfikie aliye relini
isimfikie aliye kitandani.

Mangowi anasema honi ya namna hiyo haipo.
Nakijwa anasema, basi itengenezwe.

Nilikuwa nimefika *Wako katika ujenzi wa taifa*
ulipopita, sasa hivi. Tochi ilianguka, kalamu ikaruka.
Huo mstari mrefu unaokata ukurasa
hadi chini kwenye majina
si mkono wangu.
Nimeuacha.
Nimeuhesabu: arobaini na mbili.